Nilidhani Ni Maungamo

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili wewe unayesoma, pengine umejifungia chooni na kidonge kiko kiganjani, usije ukadhani nilipona kwa ushujaa. Niliviogopa vidonge, nikaogopa kuvikosa, nikamwogopa shemeji yangu, halafu nikamwogopa hata mtu aliyekuja kunitoa. Kama woga ungekuwa unaua, ningekuwa nimeshazikwa kijijini kwetu na majani yameshaota juu ya kaburi.

Naitwa Skolastika. Nyumbani wananiita Skola. Kwetu ni huku juu Ufipa, tunalima mahindi na ulezi, na baridi yetu haina masihara. Nilipofaulu kwenda sekondari, dada yangu Leokadia aliyeolewa mjini Sumbawanga, mtaa wa Kizwite, aliomba nikakae kwake. Wazazi walifurahi. Mume wa dada alikuwa mtu wa watu: ana duka la vipodozi, anafuata mzigo Kasesya mpakani, Jumapili anaimba besi kwenye kwaya. Jina lake silitaji, nitamwita Shemeji kama nilivyomwita siku zote. Siku naondoka, baba alimwambia mbele yetu sote, "Nakukabidhi mwanangu. Mjini wewe ndiye baba yake." Maneno yale yalikuja kunitesa, maana kila ofisi niliyoingia baadaye ilimwona yeye kuwa ndiye baba.

Nilikuwa kidato cha pili, tumbo la mwezi limenikunja, dada yuko sokoni. Shemeji akanikuta nimelala kwenye mkeka nalia. Akatoa mfukoni kidonge cha rangi mbili. "Meza hiki, shem. Utaniambia."

Nilimwambia kweli. Maumivu yaliondoka, na pamoja nayo kikaondoka kitu kingine nilichozaliwa nacho, ule wasiwasi wa kila saa. Kwa mtu mwoga kama mimi, kutojali ni asali. Mwezi uliofuata nilikisubiri kwa hamu. Mwezi uliofuata tena sikusubiri tumbo liume. Mahindi yalipokuwa yanavunwa nilikuwa nameza kila siku, na Shemeji hakuwa akinipa bure. Jumamosi alinichukua Kasesya nikiwa nimevaa sare ya shule. Askari wa mpakani wana malori ya kupekua na bodaboda za kusimamisha, nani atajisumbua na madaftari ya mwanafunzi anayesoma masomo ya ziada? Mzigo ulirudi ndani ya begi langu, chini ya kitabu cha jiografia. Kila tulipofika kwenye kizuizi nilihisi mkojo unanitoka.

Mwili ulianza kusema kabla ya mdomo. Nilikonda hadi sketi ikawa inafungwa kwa pini. Choo kilikauka. Ngozi iliniwasha, nikajikuna mapajani mpaka damu. Hedhi ikapotea kabisa, na dada akaniburuta kupima mimba huku akinisema njia nzima. Majibu yalipotoka kwamba sina, alifurahi akachinja kuku. Hakuna aliyeuliza, basi kama si mimba ni nini? Tulikula yule kuku tukacheka, na mimi nilikwenda kumtapika nyuma ya nyumba.

Nikichelewa kumeza ilikuja arosto. Wanaoijua wanaijua: mafua, kuhara, mifupa inayouma kwa ndani, jasho la baridi, na hofu isiyo na sura. Siku moja darasani tulipewa kuandika insha juu ya methali ya mficha maradhi, kilio humfichua. Niliiandika vizuri, mwalimu akaisoma mbele ya wenzangu, na vidonge vilikuwa ndani ya soksi yangu.

Kisha nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza mstarini asubuhi, shule nzima ikiona. Mara ya pili jikoni kwa dada, mkono ukaingia kwenye mafiga. Kovu ninalo. Wenzangu wakasema kifafa. Shemeji akasema jingine.

Ninyi wa mbali mkisikia Sumbawanga mnacheka na kutuuliza habari za wachawi. Tumeshazoea utani huo, hata sisi wenyewe tunataniana. Lakini Shemeji hakuwa anatania. Alimkalisha dada sebuleni, akashusha sauti. "Huyu mtoto amechezewa, Mama Bahati. Hospitali watampotezea muda. Kuna mzee Mtowisa, namjua. Tumpeleke kule bondeni, akae mpaka masika yaishe."

Dada alikuwa na kichanga mgongoni, usingizi hana, akili imechoka. Akaitikia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila neno. Nilijua kwa nini hataki hospitali. Hospitali wangeuliza ninameza nini. Na Mtowisa mvua zikianza barabara inakuwa tope tupu, mtu akishuka bondeni amepotea mpaka jua lirudi. Sikujua kama alitaka nipone au ninyamaze. Mpaka leo sijui, na siku hizi sitaki kujua.

Kilichozuia safari ile ni mkuu wa shule. Alikataa katakata kunipokea bila kuona nimetibiwa hospitali, akamwambia Shemeji hivyo mbele ya walimu. Shemeji akatabasamu, akasema sawa, atanipeleka mwenyewe, yeye si ndiye mlezi? Aliniambia nje ya geti: twende mara moja mbili, tuwaridhishe, halafu Mtowisa.

Nataka nikueleze benchi la kusubiria pale hospitali, maana hapo ndipo nilipougulia zaidi. Lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya watu. Shemeji alikaa karibu nami kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Aliamkia wazee wote, "Shikamoo mama, shikamoo baba," akampisha mjamzito, akamnunulia mtoto wa mtu biskuti. Watu wakanitazama kwa wivu, binti mwenye mlezi wa namna hii. Na katikati ya salamu hizo akaniinamia sikioni. "Kumbuka dada yako ana kichanga. Nikiondoka mimi, watakula nini?" Kisha akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

Daktari alinipima, akanituma kwa nesi mshauri. Alikuwa mama mmoja wa Mbeya, Mnyakyusa, jina lake Atupele, Mmoraviani wa kuzaliwa. Dini yake naitaja kwa sababu ndiyo iliyotuponza, au ndiyo iliyotuokoa.

Siku ya kwanza Shemeji aliingia pamoja nami na kujibu kila swali.

"Skola, unalala vipi?"

"Analala vizuri tu, nesi."

"Kaka, nimemuuliza yeye."

"Ni mwoga kuongea. Mimi ndiye baba yake hapa mjini."

Nesi Atupele aliandika kitu, akatupangia kurudi. Siku ya pili alisimama mlangoni kabla hatujaingia. "Leo naomba nizungumze na binti peke yake."

"Mimi ndiye mlezi," Shemeji akasema, bado anatabasamu.

"Najua, ndiyo maana nakuomba kwa heshima. Mabinti wana mambo yao ya kike." Akaufunga mlango polepole. Ulikuwa mwembamba, na nilimsikia Shemeji anakohoa upande wa pili.

Nesi alikaa, akaniambia maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo. "Utakayonieleza humu ni siri yako, sitampa mtu. Isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini, au kuna mtu mzima anakudhuru. Hapo wewe ni mtoto kisheria, na mimi sheria inanitaka niseme. Lakini nitakuambia wewe kwanza. Umenielewa?"

Nikaitikia ndiyo. Alisema wazi, naapa, wala hakumung'unya. Ila mimi nilisikia neno moja tu: siri.

Wewe uliyelelewa kama mimi utaelewa. Tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista alitufundisha kwamba kuna chumba kimoja kidogo duniani ambamo unasema dhambi zako kwa mtu mmoja, na mtu yule hawezi kuzitoa nje hata akishikiwa panga shingoni. Nilikuwa sijaungama tangu vidonge vianze, maana padre wetu anaijua sauti ya kila mwanakwaya na ndugu zake. Na hiki hapa chumba kidogo, mtu mmoja, mlango umefungwa, na neno siri limetajwa. Nikapiga ishara ya msalaba.

Nesi Atupele akadhani naomba Mungu. Kwao hawana hayo, akainamisha kichwa kwa heshima na kunisubiri nimalize. Mimi nikaona ameinama kama padre anavyoinama kusikiliza. Basi nikaanza, kwa utaratibu ule ule wa katekisimu: tangu lini, mara ngapi, na nani. Kidonge cha kwanza. Kasesya. Begi. Soksi. Mtowisa. Nililia lakini sikusimama, na nilipofika mwisho nikasema yote, hata yale ambayo mtu hamwambii mama yake. Kisha nikanyamaza, nimefumba macho.



"Unasubiri nini, mwanangu?"

"Malipizi."

Akaiweka kalamu mezani. "Skola. Mimi si padre."

Nilifumbua macho, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona vizuri: mama mwenye sweta la kahawia na miwani iliyofungwa uzi. Hofu niliyoipata pale sikuwahi kuipata kabla. Nilikuwa nimemuuza mume wa dada yangu kwa mtu wa kawaida, naye yuko hatua mbili kutoka hapo, anakohoa.

"Basi naomba nirudishe maneno yangu," nikasema.

"Hayarudi, mwanangu."

"Ulisema siri!"

"Nilisema, na nilisema siri hiyo inaishia wapi. Lakini nilipaswa kukuuliza umeelewa nini, sikukuuliza. Hilo ni langu, nisamehe."

Mlango ukagongwa. "Bado tu?" ilikuwa sauti ya Shemeji, tamu kama kawaida.

"Bado kidogo, kaka!" Nesi akajibu bila kutikisika. Kisha akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akaongea kwa kunong'ona. "Nisikilize. Kawaida hapa ningemwita mlezi wako tukae wote. Simwiti. Sitamwambia neno hata moja. Lakini siwezi kukuacha urudi naye nyumbani, nikifanya hivyo nitakuwa nimekupeleka Mtowisa mimi mwenyewe. Nitasema, Skola. Ila sitasema nyuma yako. Utasikia kila neno."

Nilimwomba asiseme. Nilimwambia dada atakufa njaa. Nilimwambia nitakunywa sumu. Hapo aliniangalia kwa namna ambayo niliona nimeongeza sababu badala ya kupunguza. Akanyanyua simu mbele yangu, akampigia afisa ustawi wa jamii kwa sauti ya chini. Nilihesabu maneno yake kwa woga. Alisema kuna mtoto, mgonjwa, mtu mzima wa nyumbani kwao anampa dawa na anataka kumhamisha, na asirudi kwake leo. Hakutaja soksi, wala mapaja, wala kutapika. Alipomaliza akaniuliza ningependa nani aje. Nikasema mama.

Akaenda kumwita daktari, na waliporudi wakasimama nje kuzungumza na Shemeji, mlango umeachwa wazi. Daktari akasema kuanguka kwangu kunamtia shaka, nalazwa leo. Hakusema uongo, ila hakusema yote.

"Sisi kama familia tumeshaamua tiba ya asili, kule Mtowisa," Shemeji akasema. "Gari liko tayari."

"Akiangukia njiani, kaka?" Nesi akauliza.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Bibi mmoja aliyekuwa na kapu la karanga, hakujua lolote, akadakia kwa Kiswahili chake chenye Kifipa kingi. "We baba, mwache mtoto alale hapa. Si umeona alivyokonda? Mtowisa haihami."

Watu wakacheka, wakamuunga mkono. Mtu mwema hawezi kubishana na benchi zima lililomsifu kwa wema. Shemeji akacheka nao. Kisha akanisogelea, akaniweka sawa kola ya sweta, polepole, kama baba. "Pona haraka, shem," akasema. Vidole vyake vilibaki shingoni mwangu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Aliondoka, na sikumwona tena mpaka mahakamani. Bibi wa karanga aliniita akanijazia viganja vyote viwili.

Mvua za kwanza zilinikuta wodini. Daktari alinipunguzia kidogo kidogo, si kukata mara moja, maana kukata kungeniua. Bado nilikojoa kitandani, niling'ata shuka, nilimtukana mama yangu matusi ambayo sikujua ninayo. Mama alikuja na unga wa ulezi kwenye mfuko, akanipikia uji kwenye jiko la wasindikizaji, akaninywesha kwa kijiko bila kuuliza. Kila nyayo kwenye korido nilidhani ni za Shemeji. Hata baada ya kusikia amekamatwa, niliendelea kusikiliza nyayo, maana ana marafiki, na marafiki zake wana pikipiki.

Dada alikuja mara moja, kichanga mgongoni. Alisimama miguuni pa kitanda. "Umenifanya mjane, Skola, na mume wangu yu hai." Akageuka akaenda. Palizi ilikuja ikapita hajanisemesha. Baba naye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, akaacha kuongoza sala, akawa anakaa nyuma. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Hasira yangu yote niliimwaga kwa Nesi Atupele. Niliporuhusiwa na kuanza kliniki, nilikuwa naingia chumbani kwake na kugeukia ukutani. Alinipa muda wangu, akanimenyea chungwa, akaliacha mezani. Siku moja nikamwambia, "Wewe ni msaliti."

"Una haki ya kunichukia," akasema. "Njoo unichukie hapa hapa, huku unapata dawa."

Nilicheka bila kutaka. Wiki iliyofuata nilikula chungwa. Mahindi yalipoanza kukauka shambani hedhi ilirudi, na nililia kwa furaha nikiwa nimeshika kitambaa, jambo ambalo sikutegemea maishani kulifurahia.

Kesi ilisikilizwa wakati wa baridi, watu wamejifunga makoti na mablanketi. Mimi nilishatoa ushahidi wangu, sasa nilikaa kati ya baba na mama. Dada alikaa upande wa pili, peke yake. Akaitwa Nesi Atupele, na ile hofu ya siku ya malipizi ikarudi nzima nzima. Kwa sababu kulikuwa na jambo moja nililomwambia siku ile ambalo sikulisema polisi, wala kwa mama, wala sijalisema popote mpaka ukurasa huu. Alilijua yeye tu. Na aliapishwa kusema kweli.

Alieleza vidonge, Kasesya, mpango wa Mtowisa. Kisha wakili wa Shemeji akasimama, kijana mwenye sauti nzuri. "Shahidi, ni kweli au si kweli kwamba binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwomba mshtakiwa vidonge hivyo?"

Baba aligeuka akanitazama. Dada akanitazama. Nilishika ukingo wa benchi.

Nesi Atupele alivua miwani. "Mheshimiwa hakimu, yaliyomweka mtoto yule hatarini nimeyasema yote. Alikuwa mtoto, na alikuwa mgonjwa. Mengine aliyoniambia ni yake."

"Jibu swali, ndiyo au hapana!"

"Ni yake," akarudia.

Hakimu akamwambia wakili aende kwenye swali lingine. Wakili akaenda. Nesi akavaa miwani yake, akajibu yaliyobaki, akashuka akapita mbele yangu bila kunitazama, ili mtu asipate cha kusoma usoni mwake.

Shemeji alifungwa. Dada ameanza kunitumia salamu kupitia mama, hatujafika mbali zaidi ya hapo. Mimi bado naogopa kikohozi cha mwanaume nje ya mlango, na bado nakwenda kliniki.

Yale mengine ni yangu kweli, nimekaa nayo mpaka nimechoka, na leo nayatoa mwenyewe kwa ajili yako uliyejifungia chooni ukidhani huna pa kwenda kwa sababu ya jambo kama hili. Jumapili moja dada akiwa kanisani, vidonge vimeniishia, nilimpigia magoti Shemeji sakafuni jikoni. Nilimshika miguu. Nilimwambia atakachotaka nibebe nitabeba. Ndiyo, niliomba. Mgonjwa huomba hata sumu. Aliyemtilia mkononi ndiye wa kuulizwa.